Ugomvi na Undugu

Watu wengi hudhani kwamba ugomvi ni dalili ya ugeni, na amani ni dalili ya undugu. Wakiona wawili wanashindana husema kwamba hawa hawana uhusiano. Wakiona wawili wametulia husema kwamba hawa ni wa damu moja. Dhana hii ni nyepesi kushika lakini ni ngumu kuthibitisha. Atazamaye viumbe kwa makini huona kwamba ugomvi nao una nasaba yake. Namna kiumbe anavyotisha, anavyoinua kichwa au mkia, anavyopiga na anavyokubali kushindwa, ni mambo ambayo mara nyingi ameyarithi kwa wazazi wake, kama alivyorithi umbo la mguu au rangi ya jicho. Kwa hiyo mwenye ujuzi aweza kuwatazama wagomvi wawili akautambua ukoo wao kwa jinsi wanavyogombana, kama vile mtu anavyotambulika kwao kwa lafudhi yake.

Jambo hili si la wataalamu peke yao. Huzaa maswali mawili ambayo kila mtu, awe kijana au mzee, hana budi kuyajibu siku moja. La kwanza ni hili: ikiwa ukali umo katika urithi, je, mkali ana lawama? La pili ni hili: ikiwa wale tunaogombana nao ni ndugu zetu, undugu huo una faida gani? Ningependa, msomaji, tuyapime maswali haya pamoja. Mwalimu wetu atakuwa mdudu mdogo anayeishi majini, na darasa letu litakuwa ukingo wa Mto Tana, katika nchi ya Wenje.

Wenje ni mahali ambapo mto ndio kila kitu. Tana, ulio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, hutoka katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya, ukapita katika nchi kavu, ukaenda kumwagika katika Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Mvua zinyeshapo huko juu, mto hufura huku chini, ukavuka kingo zake na kuacha nyuma vidimbwi, mabwawa na maziwa membamba yaliyopinda kama mundu, ambayo zamani yalikuwa njia ya mto wenyewe. Katika maji hayo yaliyotulia, yenye majani na matete, huishi kereng'ende. Kila mtoto wa kando ya mto anawajua: wadudu wenye mabawa manne ya kung'aa, macho makubwa na kiwiliwili kirefu. Wako wa aina mbili. Wa kwanza ni wanene wenye nguvu, ambao hutua mabawa yao yametandazwa kama ndege wa chuma. Wa pili ni wembamba kama sindano, na wengi wao hukunja mabawa juu ya mgongo wanapotua. Hawa wembamba ndio tutakaowazungumzia.

Kereng'ende unayemwona angani amekwisha kuishi maisha marefu majini kabla hujamwona. Mama hutaga mayai ndani ya majani ya maji. Yai likianguliwa hutoka buu. Buu huyu hana mabawa. Ana miguu sita, ana macho makali, na mwisho wa kiwiliwili chake ana vijani vitatu vyembamba, ambavyo humsaidia kuvuta hewa iliyo ndani ya maji na kumsukuma anapoogelea. Silaha yake ni mdomo wa chini. Mdomo huo ni mrefu, umekunjwa chini ya kichwa kama mkono uliokunjwa kwenye kiwiko, na ncha yake ina vibano. Mbu mchanga akipita karibu, mdomo hufyatuka mbele kwa kasi kuliko jicho la mtu linavyoweza kufuata, ukamnasa na kumrudisha kinywani. Buu huyu hawindi kwa kukimbia. Hukaa juu ya shina la jani akangoja. Kwa sababu hiyo mahali anapokaa ni mali yake kubwa: shina zuri huleta chakula kingi, na shina baya huleta njaa.

Palipo na mali hapakosi mgogoro. Wahenga walisema kwamba vikombe vikikaa pamoja havina budi kugongana. Mabuu wawili wakikutana juu ya shina moja, mara nyingi hawarukiani papo hapo. Kwanza hugeukiana. Mmoja huinua mkia wake juu, akaupunga. Mwingine huyumbisha mwili huku na huku, au huupiga mkia kwa ubavu kama mtu apigaye upanga hewani. Pengine mmoja hufyatua mdomo wake bila kumgusa mwenziwe, kana kwamba anasema, "Silaha ninayo, tazama." Mara nyingi mambo huishia hapo: mdogo au mgeni hurudi nyuma, akaogelea kutafuta shina jingine. Lakini si kila mara. Wako wanaopoteza kijani kimoja cha mkia au viwili katika ugomvi, navyo huota tena polepole kila buu anapojivua ngozi. Wako pia wanaouawa na kuliwa, hasa wadogo mbele ya wakubwa.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa subira. Mwaka 1980 R. J. Rowe alieleza habari za mabuu wa aina iitwayo Xanthocnemis zealandica katika New Zealand, jinsi wanavyolinda mahali pao pa kuwindia. Mwaka 1985 I. F. Harvey na Philip Corbet walionyesha kwamba katika aina moja ya Ulaya, iitwayo Pyrrhosoma nymphula, faida ya mahali pazuri haiishii majini: dume aliyelinda mahali pema alipokuwa buu huja kufanikiwa zaidi kupata majike akiisha kuota mabawa. Jina la Corbet si geni katika Afrika ya Mashariki. Katika miaka ya 1950 alifanya kazi Jinja na Entebbe, Uganda, akiwachunguza wadudu wa maji ya kwetu, na mwaka 1962 alitoa kitabu chake cha kwanza kikubwa juu ya maisha ya kereng'ende. Naitaja habari hii ili ujue kwamba elimu ya viumbe hivi haikuokotwa ng'ambo tu. Sehemu yake ilichotwa katika maji tunayoyanywa.

Sasa tuje kwenye nasaba. Ikiwa ishara za ugomvi hurithiwa, basi viumbe vilivyotoka kwa babu mmoja vitakuwa na ishara zinazofanana, na vilivyoachana zamani sana vitakuwa na ishara zilizo mbali. Mtaalamu Konrad Lorenz alifuata njia hii mwaka 1941 alipolinganisha mienendo ya mabata wa aina nyingi: namna ya kuinamisha shingo, namna ya kutikisa mkia, namna ya kulia. Kwa mienendo hiyo akapanga koo zao, kama wengine walivyozipanga kwa mifupa na manyoya. Wanaowachunguza mabuu wa kereng'ende nao waliona kwamba kupunga mkia si kitu kimoja katika koo zote. Ukoo huu hupunga hivi, na ukoo ule hupiga vile. Mwili hubaki ukionyesha desturi ya mababu hata baada ya mamilioni ya miaka, ingawa hakuna buu hata mmoja aliyefundishwa na mzazi wake. Mzazi huyo huruka angani na kufa kabla hajamwona mtoto.

Lakini hapa panatakiwa hadhari, na hadhari hiyo ni somo lenyewe. Kufanana si lazima kuwe ni undugu. Popo ana mabawa, na ndege ana mabawa, walakini popo si ndege. Maisha ya namna moja yaweza kuwavika viumbe wawili vazi moja bila wao kuwa na babu wa karibu. Mfano mwema upo karibu na Wenje penyewe. Katika misitu ya ukingo wa Tana anaishi kima aitwaye mangabei wa Mto Tana, ambaye hapatikani porini penginepo duniani. Kwa sababu yake na ya mbega mwekundu wa Tana, hifadhi ya wanyama hao ilianzishwa mwaka 1976. Zamani kima wote walioitwa mangabei walihesabiwa kuwa jamii moja, kwa kuwa walifanana. Baadaye uchunguzi wa mifupa na wa jeni ulionyesha kwamba jina hilo limefunika koo mbili. Mangabei wa Tana na wenzake wanaotembea sana ardhini wana udugu wa karibu na mandrili wa magharibi ya Afrika. Mangabei wa juu ya miti wana udugu wa karibu zaidi na nyani. Macho yaliona vazi, na vazi likadanganya.

Kinyume chake pia hutokea. Katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, kama ile ya Shimba Hills, huishi kereng'ende mwembamba mwenye mwili mrefu ajabu, aitwaye Coryphagrion grandis. Mabuu wake hawaishi mtoni wala bwawani; hukua katika maji ya mvua yaliyokusanyika ndani ya matundu ya miti. Maisha ya namna hiyo na urefu wa namna hiyo hufanana na ya kereng'ende wakubwa wa misitu ya Amerika ya Kati na ya Kusini. Palikuwa na shaka: je, hawa ni ndugu, au ni wageni waliovaa vazi moja? Uchunguzi wa jeni uliotolewa mwaka 2007 ulijibu kwamba ni ndugu. Huyu wa pwani yetu ni mbegu iliyobaki upande huu tangu siku zile ambapo Afrika na Amerika ya Kusini zilikuwa nchi moja, kabla bahari haijazitenga kiasi cha miaka milioni 100 iliyopita. Jamaa wote wa ukoo huo wako ng'ambo ya Atlantiki, naye amebaki peke yake katika tundu la mti wa Kwale.

Basi ukitaka kujua nasaba, huna budi kupima ushahidi mwingi pamoja: mwili, jeni na mwenendo. Na ukipima hivyo utaona kwamba ukali ni ushahidi kama ushahidi mwingine. Hausemi kwamba wagomvi ni wabaya, wala hausemi kwamba ni wema. Husema walikotoka tu.

Hapo ndipo maswali yetu mawili yanapotungoja. Naanza na la kwanza. Kijana mmoja aweza kusema hivi: "Ikiwa ukali umo katika damu, nami nimezaliwa nao, basi nikimpiga mwenzangu lawama si yangu. Mlaumu babu wa babu yangu. Mtoto wa nyoka ni nyoka." Maneno haya yana sura ya elimu, lakini yamekosa sehemu moja. Hebu turudi kwa buu tukaulize: amerithi nini hasa? Amerithi vitu viwili wala si kimoja. Amerithi mdomo unaoua, na amerithi mkia unaoonya. Mababu waliompa silaha ndio hao hao waliompa ishara ya kuizuia silaha. Anayejitetea kwa urithi wake ametaja nusu ya wasia na kuificha nusu. Mtu naye amerithi mkono unaoweza kupiga, na amerithi ulimi unaoweza kusema, "Ngoja kwanza." Akitumia mkono huku ulimi ameuacha, asiseme kwamba hakupewa.

Tena kuna jambo la pili katika swali hili, na naona ndilo kubwa zaidi. Tulimtaja kereng'ende wa matundu ya miti. Katika kisiwa cha Barro Colorado, huko Panama, mtaalamu Ola Fincke alitumia miaka mingi kuwachunguza wale wa Amerika, miongoni mwao Megaloprepus, ambaye upana wa mabawa yake waweza kufika sentimita 19. Jike hutaga mayai mengi katika tundu moja. Lakini tundu likiwa dogo, lenye maji yasiyofika lita moja, kwa kawaida hukutwa buu mmoja tu. Wengine wameliwa na ndugu yao, na mara nyingi aliyetangulia kuanguliwa humla aliyechelewa. Tundu likiwa kubwa, lenye maji mengi, mabuu kadhaa huishi humo pamoja, kila mmoja na upande wake. Fikiri juu ya habari hii. Mabuu ni wale wale, damu ni ile ile, na mdomo ni ule ule. Kilichobadilika ni chombo. Katika chombo kidogo undugu haukumwokoa yeyote, na katika chombo kikubwa palikuwa na nafasi ya kuachiana.

Kwa hiyo urithi haukati shauri peke yake. Urithi hutoa uwezo, nayo hali ya mahali huamua uwezo upi utatumika zaidi. Na hapa mtu anatengana na buu kwa umbali mkubwa kuliko ule wa Kwale na Panama. Buu hawezi kulipanua tundu lake. Mvua ikikosekana, maji hupungua, naye hana la kufanya. Mtu huchimba kisima, hugawa zamu, huweka mpaka, huandika sheria, hufungua njia au huifunga. Mtu hukaa ndani ya chombo, na papo hapo yeye ni mfinyanzi wa chombo hicho. Basi lawama yake haiko mkononi peke yake. Iko pia katika chombo alichokifinyanga kikawa chembamba hata wenziwe wakakosa pumzi.

Swali la pili ni gumu zaidi, nami sitaki kulipita kwa maneno matamu. Walimu na wahubiri hutuambia: "Msipigane, kwa maana ninyi ni ndugu." Ni maneno mazuri, na ni ya kweli pia, kwa sababu elimu ya jeni inathibitisha kwamba watu wote wa dunia ni ukoo mmoja wenye babu za karibu. Lakini je, yanatosha? Mabuu waliolana katika tundu la mti walikuwa ndugu, pengine wa mama mmoja. Undugu wa damu ni habari ya mambo yaliyopita. Husema tulikotoka, wala hausemi tutakavyogawana maji ya leo.

Bonde la Tana limelijua jambo hili kwa machozi. Wapokomo hulima kingo za mto: mahindi, mpunga, ndizi na maembe. Waorma na Wawardei hufuga, nao ng'ombe wao katika miezi ya kiangazi hawana maji mengine ila ya mto huo huo. Watu hawa wamejuana kwa vizazi vingi. Wameuziana maziwa na nafaka na wamezikana. Hata hivyo mgogoro wa mashamba na njia za mifugo umerudi mara nyingi. Mwaka 2001 ulimwaga damu. Tarehe 22 Agosti 2012, katika kijiji cha Riketa huko delta, watu zaidi ya 50 waliuawa kwa siku moja, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Kisasi kikaita kisasi, mpaka mwanzo wa mwaka 2013 waliokufa walikuwa wamepita 100, na maelfu walikuwa wameyakimbia makao yao. Katika siku zile hapakukosekana mtu wa kusema kwamba sisi ni ndugu. Lililokosekana ni jingine.

Nalo ni lipi? Mila za mto zinalijibu. Wapokomo wana baraza la wazee liitwalo Gasa. Waorma wana baraza la wazee liitwalo Matadeda. Tangu zamani mabaraza haya yalikutana kupatana juu ya malka, yaani njia ambazo mifugo hupita kati ya mashamba kwenda kunywa mtoni. Malka ni kitu kidogo kukitazama: ni ukanda wa ardhi usiolimwa. Lakini maana yake ni kubwa. Humwambia mkulima, "Hapa usipande," na humwambia mfugaji, "Pita hapa, wala usipite pale." Kila upande waielewa ishara hiyo, na kila upande umepoteza kidogo ili usipoteze kingi. Malka ikiachwa wazi, ng'ombe hunywa na mahindi hukomaa. Malka ikilimwa, au ng'ombe wakiingizwa shambani usiku, ishara imevunjwa, na pakivunjika ishara hubaki mdomo unaonasa.

Waona sasa, msomaji, undugu una faida gani. Undugu hauzuii ugomvi. Wala haukuwahi kuuzuia, si majini wala nchi kavu. Faida yake ni kwamba wenye asili moja waweza kuelewana ishara. Buu akimpungia mkia buu wa ukoo wake, mwenziwe anajua maana yake, akaondoka akiwa mzima. Akimpungia samaki, samaki hajui, naye humla. Mwanadamu akimwekea mamba mpaka, mamba hausomi. Akimwekea mwanadamu mwenziwe, husomeka, hata kama lugha zao ni mbili, mavazi yao ni mawili na mila zao ni mbili. Wahenga walisema: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mtu unayeweza kugombana naye kwa maneno na mipaka, naye akakuelewa, ni ndugu yako kwa maana hiyo, hata kama hamkuzaliwa kijiji kimoja. Lakini kuelewa ishara si sawa na kuitii. Kuelewa tumerithi. Kutii ni juhudi ya kila siku, na kila kizazi hakina budi kuanza upya.

Labda utasema, "Basi dawa ni moja tu: tupanue chombo. Maji yawe mengi, ardhi iwe ya kutosha, na ugomvi utakwisha wenyewe." Hoja hii ina ukweli mwingi, wala si haki kuidharau. Mabwawa yaliyojengwa juu ya Tana, kuanzia Kindaruma mwaka 1968 na Masinga mwaka 1981, yalileta umeme kwa nchi nzima, na huku chini yalibadili mafuriko ambayo mashamba na malisho yaliyategemea. Waamuzi wa juu ya mto wana sehemu yao katika amani ya chini ya mto, nao wasijifanye kwamba hawaijui. Lakini hoja hii haikamiliki. Wako watu wenye maji ya kuoga mara tatu kwa siku ambao hawasalimiani na jirani, na wako watu wanaogawana mtungi mmoja kwa salama. Buu hutosheka kwa shina moja. Mtu, akisha kupata shina lake, aweza kutamani bwawa zima. Kwa hiyo chombo kipanuliwe, na tamaa nayo ipewe mpaka. Moja bila ya jingine ni kazi nusu.

Na asije mtu akasema kwamba nimemshusha mwanadamu kwa kumlinganisha na mdudu. Sikusema kwamba mtu aige desturi ya buu. Viumbe hufanya mambo mengi ambayo ni haramu kwetu, na hatuwezi kuchota haki na batili katika dimbwi kama tuchotavyo maji. Kinachotoka dimbwini ni maarifa: tunajifunza vitu tulivyopewa, ili tujue vizuri kazi iliyobaki juu yetu. Mwenye shamba hatukani udongo kwa kuwa na magugu, wala hayaachi magugu kwa sababu yameota yenyewe. Hujua udongo wake, kisha akashika jembe.

Sasa nawe kijana unaweza kuuliza jambo hili lakuhusu nini, wewe usiye na shamba wala ng'ombe. Lakuhusu leo. Shuleni kuna mfereji mmoja na wanafunzi wengi. Kuna dawati, kuna kitabu kimoja cha kusomwa na watatu, kuna uwanja unaotakiwa na timu mbili. Hayo ndiyo matundu yako ya maji. Ukali utausikia kifuani, na hupaswi kuona haya kwa kuusikia, kwa maana ni wa kale kuliko jina lako na kuliko jina la kabila lako. Lakini papo hapo kumbuka nusu ya pili ya wasia. Onya kabla hujagusa. Mwenzako akikuonya, isome ishara yake kama unavyotaka yako isomwe. Akirudi nyuma, usimfuate. Na ikiwa wewe ndiwe kiranja, au siku moja utakuwa chifu, mwalimu, mhandisi au waziri, jiulize kabla ya kumlaumu mgomvi: chombo nilichowapa watu hawa kina lita ngapi?

Kuna methali isemayo: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Wengi huifahamu kwa maana ya kwamba ugomvi wa ndugu ni wa muda, wala mgeni asiuingilie. Maana hiyo ni sahihi. Lakini watu wa ukingo wa Tana waweza kuongeza maana nyingine, kwa kuwa wamelima na wamevuna, na wamezika pia. Baina ya jembe na kapu kuna miezi ya kungoja, na katika miezi hiyo lazima awepo mtu wa kuilinda njia ya maji isilimwe na shamba lisikanyagwe. Hakuna anayezaliwa na kazi hiyo mwilini. Wazee wa Gasa na wa Matadeda waliifanya kwa kuketi, kusikilizana na kushika ahadi, na vijana wa leo wataifanya kwa njia hiyo hiyo, au haitafanyika.